Nimemaliza somo la familia na somo la tabia kwenye hii kozi ya Kikorea, haya ndo maoni yangu

Naandika hii kwa ajili ya wale wanaotaka kununua hii kozi ya Kikorea ya kwenye simu na bado wanajiuliza kama inastahili hela yao. Mi niliinunua 45,000 nikiwa bado nyumbani Tanga, nikasoma nayo miezi minne kabla ya kupanda ndege, na sasa hivi niko Daejeon, Korea Kusini, mwaka wa pili wa masomo, nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kikorea, kwa hiyo nimeitumia kule nikiwa sijui hata herufi moja na nimeitumia huku ambako ukikosea neno unaona palepale kwenye uso wa mtu. Sitaongelea kozi nzima. Naongelea somo la 6 la watu wa familia na somo la 7 la tabia za watu, maana ndo nimeyatumia kuliko yote, Mkorea akikaa na wewe dakika kumi tu keshauliza mko wangapi kwenu, wewe wa ngapi kuzaliwa, wazazi hawajambo, na mdogo wako yukoje.

Naanza na sauti kwa sababu hapo wamefanya kazi nzuri sana. Kila neno linasomwa na mwanamke kisha mwanaume, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kasi ya watu wanavyoongea, alafu unaachiwa nafasi ya kurudia mwenyewe. Wana zoezi la maneno matatu ambayo mtu asiyezoea atasikia ni neno moja: dal ni mwezi wa angani, tal ni kinyago cha kuvaa usoni, ttal ni binti. Hilo la kwanza lina pumzi kidogo tu, la pili lina pumzi inatoka kabisa mdomoni, la tatu unaubana ulimi na koo alafu unaachia bila pumzi. Watu wengi wanalia na hili zoezi ila mtu wa pwani una pa kuanzia, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa na yeye paa la nyumba na paa mnyama alikuwa anayatamka tofauti, yule mnyama lazima pumzi itoke. Nilipokumbuka sauti ya bibi yangu nikapata tal na dal siku hiyohiyo. Ttal ndo ilinichukua wiki mbili.

Sasa kasoro ya kwanza. Somo zima limeandikwa kwa herufi za kizungu, maandishi ya Kikorea yamewekwa pembeni madogo kama pambo. Kwetu sisi hii ni shida kubwa kuliko kwa wengine, sababu Kiswahili tunasoma kila irabu kama ilivyo. Ukiona eomeoni, yaani mama, utasoma e-o-me-o-ni, silabi tano, wakati Kikorea ni silabi tatu tu 어머니, na hiyo "eo" ni sauti moja, fungua mdomo kama unataka kusema "o" lakini usiviringe midomo. Vilevile "eu" ni sauti moja, sema "u" huku midomo umeivuta pembeni kama unatabasamu. Mi neno eonni, yaani dada, nililitamka e-o-nni miezi miwili mizima na hakuna wa kuniambia. Jifunze herufi zao kwanza ndo ufungue somo la 6, ni 24 tu za msingi, Mfalme Sejong alizikamilisha 1443 na zikatangazwa 1446 makusudi ili mtu wa kawaida ambaye hakusoma Kichina aweze kusoma na kuandika, na kweli zinasomeka, mi siku tano zilinitosha kusoma vibao hata kama sijui maana yake.

Alafu tuje kwenye kitu ambacho ndo hasa kimenifanya niandike.

Kozi imetengenezwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza, kwa hiyo kila neno la ndugu wamelibandika kwenye neno la Kiingereza, na Kiingereza ni lugha maskini sana kwa ndugu. Wana neno moja kwa kaka na mdogo wa kiume, neno moja kwa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, neno moja kwa shangazi na mama mdogo na mama mkubwa. Kikorea kina yote hayo yametengana, kwa hiyo kozi inahangaika, inaweka mishale na maelezo marefu ya "huyu wa upande huu, yule wa upande ule", au inaamua kurahisisha na hapo ndo inaharibu. Kwenye jedwali lao samchon ni ndugu wa kiume wa mzazi, imo ni ndugu wa kike wa mzazi, basi, wamemaliza. Mswahili anaijua hii ramani tangu anaanza kuongea lakini analazimishwa apite kwenye lugha isiyokuwa nayo.

Hebu oneni. Baba kwa Kikorea ni abeoji. Kubwa ni keun, ndogo ni jageun. Kaka yake baba anaitwa keunabeoji, mdogo wake baba anaitwa jageunabeoji. Ni baba mkubwa na baba mdogo, neno kwa neno, hakuna cha kukariri! Nilipoligundua hili nilikuwa kwenye daladala natoka Raskazone na nilisikia furaha ambayo siwezi kuieleza. Kitu kimoja tu cha kuongeza, baba mdogo akiwa hajaoa bado wanamuita samchon, akishaoa ndo anakuwa jageunabeoji. Dada yake baba ni gomo, huyo ni shangazi. Kaka yake mama, au mdogo wake mama wa kiume, ni oesamchon, huyo ni mjomba. Ndugu wa kike wa mama ni imo, na wakitaka kutenganisha wanasema keunimo na jageunimo, mamkubwa na mamdogo. Ila hapa kaa macho, kuna keuneomeoni ambalo ukilifungua unapata "mama mkubwa" lakini wao ni mke wa baba mkubwa peke yake, sisi tunatumia mama mkubwa kwa wote wawili, wao hawachanganyi.

Kosa hili la jedwali limenigharimu. Mimi nimelelewa na shangazi yangu, dada yake baba, ndo aliyenilipia ada kuanzia darasa la tano mpaka nimefika huku. Nilipohamia kwa huyu bibi, wiki ya kwanza akaniuliza nani alinisomesha, nikamjibu imo, kama kozi ilivyonifundisha. Bibi wa watu akaelewa ni mdogo wake mama. Akaendelea kunisifia upande wa mama yangu, akaniuliza kwa nini upande wa baba hawakujitokeza, na mi nikawa naelewa nusu nusu naitikia tu ndiyo ndiyo. Ilipita karibu mwezi mjukuu wake akaja kututembelea, nikachora mti wa familia kwenye karatasi, ndo akasema aa, gomo! Nilijisikia vibaya sana. Mtu aliyeuza vitenge vyake ili nisome, nilikuwa nimemfuta kwenye ukoo wake mwenyewe kwa sababu ya neno moja. Waliotengeneza kozi wangeweka mstari mmoja tu wa ziada hili lisingetokea.

Kwenye ndugu wa tumbo moja kozi imejitahidi zaidi. Imeeleza vizuri kwamba neno linategemea anayesema ni nani: mwanamke anamwita kaka yake oppa na dada yake eonni, mwanaume anamwita kaka yake hyeong na dada yake nuna. Hili watu wanaliona geni sana, lakini wazee wetu walikuwa na umbu, mwanaume anasema umbu langu kwa ndugu yake wa kike, mwanamke anasema umbu langu kwa ndugu yake wa kiume, kwa hiyo wazo la neno kubadilika kulingana na nani anaongea lilikuwepo kwetu, sisi tu tumeliacha. Na dongsaeng ni "mdogo wangu" kabisa, halijali wa kike wala wa kiume, ukitaka kubainisha unaongeza mbele, namdongsaeng wa kiume na yeodongsaeng wa kike. Mtu wa Kiingereza anasota hapo, sisi tunapita.

Kuna sachon pia, binamu. Kozi imeandika neno na maana ikaondoka, wakati ndani yake kuna hesabu nzuri. Sam ni tatu, sa ni nne, chon ni hatua ya udugu. Wewe mpaka kwa mzazi wako ni hatua moja, mpaka kwa ndugu yako mbili, mpaka kwa ndugu wa mzazi wako tatu, ndo samchon, na mtoto wake ni nne, ndo sachon. Ukishajua hivyo huwezi kusahau tena. Na binamu mkubwa kwako hawamwiti kwa jina, mwanamke atasema sachon oppa au oppa tu, kama sisi ambao mtoto wa baba mdogo ni kaka na habari imeishia hapo.

Bibi mzaa baba na bibi mzaa mama wametenganishwa: chinhalmeoni na oehalmeoni. Hiyo "oe" maana yake nje, yaani upande wa mama ni upande wa nje, na vijana kadhaa ninaosoma nao hawalipendi, wao wanasema bibi wa mji fulani, Busan halmeoni, Daegu halmeoni, kama ambavyo sisi tulikuwa na bibi wa Pangani na bibi wa Mombasa. Kozi haijagusa hilo hata kidogo. Haijagusa pia kwamba mama anaitwa kwa jina la mtoto, Jimin eomma ni Mama Jimin, wala kwamba mtu hasemi mama yangu anasema uri eomma, mama yetu, na uri jip, nyumbani kwetu, hata kama amezaliwa peke yake. Somo zima limejaa "yangu yangu" na ukiongea hivyo huku unasikika kama mtu anayegombania. Sisi tunasema kwetu, hatusemi kwangu tukimaanisha nyumba tuliyokulia, tungeelezwa kwa sentensi moja tungeelewa.

Na maneno haya yanatoka nje ya nyumba. Mama anayehudumia kwenye mgahawa unamwita imo. Mama mwenye nyumba wangu si ndugu yangu lakini ni halmeoni, kumwita kwa jina ni matusi. Wakwe nawapitia haraka: mama mzazi wa mume ni sieomeoni, mama mzazi wa mke ni jangmonim, hawana mama mkwe mmoja kama sisi, na wifi nao wamegawanywa, dada wa mume ni sinui na mke wa kaka yako ni olke. Kozi inayo yote manne, na yako sahihi.

Kasoro inayonisumbua mpaka leo ni heshima. Somo la 6 lina maongezi ya kuulizana umri na limefundisha "myeot sarieyo?", una miaka mingapi, bila kusema kwamba hilo ni la mtoto au la mtu wa rika lako. Nilimuuliza halmeoni hivyohivyo siku ya tatu. Hakukasirika ila alinyamaza, na ule ukimya nauelewa, ni kama mtoto ampite mtu mzima asubuhi aseme mambo. Mjukuu wake ndo alinifundisha baadaye, mzee anaulizwa "yeonsega eotteoke doeseyo?", na jina lake si ireum ni seongham, na chakula chake si bap ni jinji, na hatuulizi kama "yupo" kwa isseoyo bali kwa gyeseyo. Wakorea hawaulizi umri kwa umbea, wanauliza ili wajue wakuite nani na waongee na wewe vipi, ndo maana hata walipobadilisha sheria Juni 2023 wakaacha ile hesabu yao ya zamani ya miaka, ambayo mtoto akizaliwa tu ana mwaka mmoja, kwenye makaratasi ya serikali, swali lenyewe halikufa. Huwezi kufundisha neno bibi bila kufundisha namna ya kuongea na bibi. Sisi tunaoanza na shikamoo tungelipokea vizuri mno.

Somo la 7 la tabia nimelipenda zaidi, ingawa nalo lina shimo. Maneno yamechaguliwa vizuri, ni yale utakayoyasikia kweli: chakhada mtu mwema, chinjeolhada anayekuhudumia kwa uso mzuri, bujireonhada mchapakazi, geeureuda mvivu, joyonghada mkimya, hwalbalhada mchangamfu, soljikhada msema kweli, igijeogida mbinafsi, ttokttokhada mwenye akili, eomgyeokhada mkali kama baba anayesimamia sheria. Lipo na kkomkkomhada ambalo ni la mtu kama fundi cherehani anayepima mara tatu ndo akate. Shimo ni kwamba yote yamewekwa kwenye umbo la kamusi lenye -da mwishoni na hayajageuzwa. Hakuna anayesimama akaongea hivyo na mtu anayemheshimu. Unasema chakhaeyo, bujireonhaeyo, na lile la mvivu linageuka kabisa linakuwa geeulleoyo, na ukimsema baba yako unaongeza heshima, uri abeojineun eomgyeokhaseyo. Ukitaka kusema mtu mwema ni chakhan saram. Haya yapo somo la 15, mbali mno, kwa hiyo wiki nane nzima una mfuko wa maneno ambayo huwezi kuyatoa. Mi nilichofanya nilisikiliza dakika za mwanzo za somo la 15 kisha nikarudi la 7, na nawashauri mfanye hivyo.

Ambacho hakipo kabisa ni tabia zinazosemwa kwa viungo vya mwili, na huku ndo zinasemwa kila siku. Ibi mugeopda, mdomo wake mzito, ni mtu anayetunza siri, sisi tunasema ana kifua. Gwiga yalpda, sikio lake jembamba, huyo akiambiwa chochote anabeba. Bari neolpda, mguu wake mpana, anajuana na kila mtu mjini. Eolguri dukkeopda, uso wake mnene, ndo wetu wa macho makavu. Soni keuda, mkono wake mkubwa, hili nililisikia mwezi wa kumi na moja wakati wa gimjang, ile kazi ya kutengeneza kimchi ya msimu wote wa baridi, halmeoni alinunua kabichi za kutosha ukoo mzima na nyumba tuko wawili, majirani wakawa wanasema ana mkono mkubwa, yaani hajui kupika kidogo, na kweli kila jirani aliondoka na ndoo. Mtu wa mkono wa birika hawezi kuambiwa hivyo.

Nunchi nalo limeachwa. Ni ule uwezo wa kumsoma mtu na mazingira bila kuambiwa, mwenye nayo wanasema nunchiga ppallayo, asiye nayo nunchiga eopseoyo. Kwa vijana wa Bongo ni jiongeze, basi. Nimeambiwa sina mara mbili, nilipobaki nimekaa sebuleni wakati wageni wa halmeoni walikuwa wanataka kuongea yao, na laiti ningelijua neno ningejua na kitu chenyewe.

Na muttukttukhada. Siku moja halmeoni alikuwa anafuta vumbi kwenye picha ya marehemu mume wake, nikamuuliza kwa ule ule mfano wa somo la 7, tabia yake ilikuwaje, seonggyeogi eotteosyeosseoyo, nikiongeza heshima kama nilivyofundishwa na mjukuu. Akasema muttukttukhaesseo, alikuwa mtu mkavu wa maneno, hachekicheki, alafu akakaa kidogo akaongeza geuraedo jeongi manasseo, lakini alikuwa na jeong nyingi, ule upendo unaojengwa na kukaa pamoja, kula pamoja, kuvumiliana. Tuliongea karibu saa nzima. Nusu yake sikuielewa lakini lile swali nililipata kwenye hii kozi, na lazima niseme hivyo kwa haki.

Mengine madogo: masomo yakishapakuliwa yanacheza bila bando, hilo safi. Malipo kwa simu yalichukua siku tatu kuonekana na ujumbe wa huduma kwa wateja walinijibu kwa Kiingereza. Kadi za kujikumbusha zinarudia sana maneno uliyokwisha kuyajua, hakuna namna ya kuziruka.

Naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Kama unataka sauti sahihi nunua. Kama unataka ukoo, chukua daftari, andika upande mmoja bamkubwa, bamdogo, shangazi, mjomba, mamkubwa, mamdogo, bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, upande wa pili jaza Kikorea kwa herufi zao, na lile jedwali la kozi usilifungue. Wenye kozi nimewaandikia kuwaomba waweke safu ya Kiswahili na nimewatumia daftari langu nimelipiga picha kurasa zote nne. Wakiiweka nitainunulia na yule mdogo wangu wa kiume aliyebaki kwa shangazi.